Diski, PCR, MLST au jenomu nzima? Kuchagua njia ya kumfuatilia bakteria sugu wa matumbo ukiwa Dodoma

Swali hili hunifikia kwa sura mbili. Mwanafunzi wa uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) huja na andiko la utafiti kuhusu usugu wa bakteria wa kuhara: kichwa kirefu, bajeti fupi, na sehemu ya mbinu bado haijaandikwa. Msimamizi wa maabara ya wilaya, awe wa Mpwapwa au Chemba, hupiga simu jioni: "Kaka, zimepatikana fedha kidogo za vifaa. Niombe mashine ya PCR au niendelee na kalcha?" Wote wawili wanataka niwatajie njia iliyo bora. Siwezi. Njia hizi nne (kalcha, yaani kuotesha bakteria, na kuwapima kwa diski za dawa; PCR inayotafuta jeni; MLST inayotaja ukoo; na kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote) zinajibu maswali tofauti, na nimeshaona fedha na bakteria wakipotea kwa sababu mtu alichagua kipimo kabla hajajua anauliza nini.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kigezo cha kwanza ni swali lenyewe. Katika kufuatilia UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwenye magonjwa ya matumbo maswali huwa matatu, hata yakivikwa maneno mengi. Kuna swali la tiba: dawa ipi itamponya mgonjwa huyu? Kuna swali la jeni: usugu huu umebebwa na nini, na unaweza kuhamia kwa bakteria mwingine? Na kuna swali la undugu: wagonjwa wa Bahi na wale wa Chamwino wameshikwa na bakteria mmoja kutoka chanzo kimoja, au ni visa viwili vilivyokutana tu kwenye wiki moja?

Baada ya swali nitaangalia muda wa kupata jibu, mahitaji (fedha, umeme, vitendanishi na watu), kile ambacho kipimo hakioni, na mtu ambaye njia hiyo inamfaa.

Juu ya vyote iko sampuli. Kinyesi huchukuliwa kabla mgonjwa hajameza antibayotiki, huwekwa kwenye Cary-Blair (mchanganyiko wa kusafirishia kinyesi bila kuua bakteria) kama hakitafika maabara ndani ya saa mbili, na husafiri na maelezo yake. Miaka michache iliyopita tulipokea makopo tisa kutoka shule moja ya bweni ambako wanafunzi walikuwa wanahara damu. Kisanduku cha baridi kilikuwa safi, barafu bado ngumu. Lakini wanafunzi saba kati ya tisa walikuwa wameshaanza siprofloksasini tangu juzi yake, na kinyesi kilikuwa kimelala njiani usiku kucha kwenye makopo matupu, bila Cary-Blair. Shigella havumilii hali hiyo. Kinyesi kikianza kuwa na asidi, hufa upesi. Tulimpata kwa mwanafunzi mmoja tu. Tulijua dawa gani inamuua, basi. Habari ya chanzo hatukuweza hata kuigusa, kwa kuwa bakteria mmoja hana wa kulinganishwa naye.

Njia ya kwanza: kuotesha na diski

*Swali linalojibu.* La tiba, na kwa swali hilo sijaona ya kuipita. Mbinu tunayoiita Kirby-Bauer ilichapishwa mwaka 1966 na misingi yake ni ile ile. Unamtenga bakteria hadi abaki peke yake, unamkoroga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo cha 0.5 cha McFarland, unampaka kwenye agari ya Mueller-Hinton (chakula cha bakteria kilichoganda kisahanini), unaweka diski za dawa, unaatamisha kwenye nyuzi joto 35 kwa saa 16 hadi 18, kisha unapima kipenyo cha duara tupu kwa milimita.

Ukitaka kuuona usugu kwa macho yako, weka diski ya amoksisilini yenye asidi ya klavulaniki katikati ya kisahani, sefotaksimu upande huu na seftazidimu upande ule. E. koli anayetengeneza vimeng'enya vya ESBL, vile vinavyovunja dawa za jamii ya seftriaksoni, ataota akizisogelea kabisa diski za pembeni. Ila upande unaotazama katikati hathubutu: hapo eneo tupu hunyooka kuifuata klavulaniki, umbo lake kama tundu la ufunguo. Nimewashikisha wanafunzi wengi kisahani hicho mbele ya dirisha, na wachache sana wamehitaji maelezo ya pili.

*Muda.* Siku moja kuotesha kinyesi, siku moja kumtenga na kumtambua, siku moja ya diski. Siku tatu hadi nne mambo yakienda sawa.

*Mahitaji.* Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote nne, na mteknolojia wa maabara aliyefundishwa vizuri anaifanya bila mtaalamu kutoka nje. Lakini unafuu huo usikudanganye. Agari inatakiwa kuwa na unene wa milimita 4. Ikiwa nyembamba, dawa husambaa mbali zaidi, duara hupanuka, na bakteria sugu anaandikwa kuwa dawa inamuua. Hapa Dodoma kiangazi ni kirefu na hewa ni kavu. Visahani vilivyomwagwa wiki iliyopita na kuachwa bila kufungwa vizuri hukonda hivi hivi. Diski nazo huharibiwa na unyevu na joto: friji ikizima wikendi umeme ukikatika, ampisilini ni miongoni mwa za kwanza kupoteza nguvu, na duara dogo litakalotokea litakufanya umwite sugu bakteria asiye sugu. Kinga ni kumpima E. koli wa rejea, ATCC 25922, kila wiki na kuandika duara lake daftarini. Maabara isiyofanya hivyo, namba zake siziamini, hata ikiwa na mashine ghali kiasi gani chumba cha pili.

*Kisichoonekana.* Undugu wote. Shigella wawili wenye usugu wa dawa zile zile wanaweza kuwa hawana uhusiano wowote. Na kwa E. koli kuna tatizo kubwa zaidi: anayeharisha mtoto na anayeishi kwa amani tumboni mwa kila mmoja wetu wote huota makoloni ya waridi kwenye agari ya MacConkey, huwezi kuwatenganisha kwa kuwatazama. Kolistini nayo haipimwi kwa diski, kwa kuwa molekuli yake ni kubwa na haisambai vizuri kwenye agari. Na Salmonela na Shigella wanaweza kukuonesha duara zuri kabisa kwa gentamaisini wakati dawa hiyo haimponyi mgonjwa. Usiiandike kwenye majibu.

*Inamfaa nani.* Hospitali yoyote inayotibu watu, na maabara ya wilaya inayoanza kufuatilia usugu.

Njia ya pili: PCR ya jeni za usugu na za sumu

*Swali linalojibu.* La jeni. Unachagua kipande cha vinasaba unachokitafuta, na mashine inakizidisha mpaka kionekane. Kwa usugu wa seftriaksoni watu huanza na jeni ya CTX-M, pamoja na TEM na SHV. Kwa karbapenemu hutafuta NDM na wenzake. Kwa E. koli wa kuhara, hapa ndipo PCR inapofanya kile ambacho kalcha haiwezi: jeni za elt na est humtambulisha yule anayetoa sumu ya kuharisha majimaji, aggR humtambulisha anayeng'ang'ania utumbo kwa mafungu, na stx humtambulisha mwenye sumu ya Shiga. Jeni ya ipaH ni ya Shigella na binamu yake E. koli anayevamia utumbo.

*Muda.* Ukishakuwa na koloni safi, siku moja ya kazi inatosha: kuchemsha bakteria kupata vinasaba, saa mbili au tatu za mashine, kisha jeli ya kuonesha kama jeni ipo.

*Mahitaji.* Mashine yenyewe siku hizi si kikwazo kikubwa kama zamani, na maabara nyingi zilipata uzoefu wa PCR wakati wa UVIKO-19. Kikwazo ni vitendanishi vinavyotaka baridi kali tangu bandarini hadi friza yako, praima (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoitambua jeni) zinazoagizwa na kusubiriwa, na vyumba tofauti vya kuandaa mchanganyiko na kuweka sampuli. Maabara ya chumba kimoja huchafua vipimo vyake yenyewe, na baada ya miezi mitatu kila sampuli ina CTX-M.

*Kisichoonekana.* PCR hujibu ulichouliza tu. Ukitafuta CTX-M na usugu umetokana na jeni nyingine, utapata jeli tupu na bakteria bado ni sugu. Usugu wa siprofloksasini mara nyingi hutokana na herufi moja au mbili zilizobadilika ndani ya jeni ya gyrA ambayo kila bakteria anayo; PCR ya kuangalia ipo au haipo haitakwambia lolote. Tahadhari nyingine ni kwa wanaofanya PCR moja kwa moja kwenye kinyesi. Tumbo lina bakteria wa kila aina, na jeni ya usugu uliyoiona inaweza kuwa ya mkazi mpole wa tumboni, si ya mhusika wa ugonjwa. Kwa wale wanafunzi wa shule ya bweni, ipaH huenda ingeonekana hata kwa Shigella waliokwisha kufa. Ingetusaidia kuhesabu wagonjwa. Dawa ya kuwapa isingetupatia.

*Inamfaa nani.* Mtafiti mwenye swali lililokatwa vizuri, na maabara ya rufaa ambayo tayari kalcha yake inaaminika.

Njia ya tatu: MLST, na PFGE iliyoitangulia

PFGE nitaipitia haraka. Ilikata vinasaba kwa kimeng'enya, kwa Salmonela na E. koli ikiwa XbaI, ikavitandaza kwenye jeli kama msimbomilia, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mizani ya milipuko. Mtandao wa PulseNet wa Marekani, unaofuatilia milipuko ya magonjwa ya chakula, ulianza nayo mwaka 1996, na mwaka 2019 ukahamia kwenye jenomu nzima. Kama chuo chako kina mashine yake na inafanya kazi, itumie kwa kulinganisha bakteria wa mlipuko mmoja ndani ya maabara yako. Kuinunua leo sikushauri.

*Swali linalojibu.* MLST, iliyoanza mwaka 1998, husoma vipande vya jeni saba za kazi za kila siku na kumpa bakteria namba ya ukoo, inayoandikwa kwa herufi ST. Uzuri wake ni kwamba namba hiyo inasomeka dunia nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka hospitali ya rufaa ya Mwanza uliposema ST131 ndiyo iliyotamalaki miongoni mwa E. koli wenye CTX-M-15, msomaji wa Nairobi au Berlin alijua mara moja ukoo unaozungumzwa. Salmonela wa ST313 naye anajulikana hivyo hivyo, kwa maambukizi ya damu kusini mwa Sahara.

*Muda na mahitaji.* PCR saba kwa kila bakteria, kisha vipande kupelekwa kusomwa, mara nyingi nje ya mkoa. Wiki kadhaa. Ukipiga hesabu ya vitendanishi, unaweza kukuta unakaribia gharama ya jenomu nzima, nayo jenomu inakupa namba ya ST bila malipo ya ziada.

*Kisichoonekana.* Undugu wa karibu. Karibu kila bakteria wa kipindupindu wa janga hili la saba ni ST69. Ukichukua wa Dodoma na wa Bangladeshi, MLST itasema ni ukoo mmoja, jambo lililojulikana kabla hujafungua kopo. Kwa Salmonela wa taifodi hali ni hiyo hiyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye E. koli au Salmonela zisizo za taifodi, anayetaka picha pana ya koo zilizopo, na mwenye bajeti isiyofika kwenye jenomu.

Njia ya nne: kusoma jenomu nzima

*Swali linalojibu.* La undugu, kwa undani kuliko zote, na la jeni kwa sehemu kubwa. Unasoma herufi zote, kama milioni tano kwa E. koli, kisha unahesabu tofauti. MLST hukuambia ukoo; jenomu hukuambia kama hawa ni ndugu wa tumbo moja.

Mifano miwili inaonesha uzito wake. Ujerumani, mwaka 2011, watu zaidi ya 50 walikufa kwa E. koli O104:H4, mlipuko uliofuatiliwa hadi kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa kwa ajili ya kuliwa. Jenomu zilionesha kiumbe ambacho kipimo cha kawaida kisingekieleza: bakteria wa jamii ya kung'ang'ania utumbo, aliyepata jeni ya sumu ya Shiga kutoka kwa virusi wa bakteria, na juu yake amebeba plazmidi (duara dogo la vinasaba linaloweza kuhama kati ya bakteria) yenye CTX-M-15. Mfano wa pili ni wa kwetu. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa jenomu za zaidi ya bakteria 1,000 wa kipindupindu, uliobaini kwamba tangu mwaka 1970 ugonjwa huu umeingizwa Afrika angalau mara 11, asili yake ikiwa Asia. Kwetu sisi tulioona mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, Dodoma ikiwamo, hilo lina maana ya kazi: kudhibiti njia za kuingilia na kusambaa kuna thamani sawa na kuchimba visima.

*Muda.* Kuanzia koloni safi, siku tatu hadi tano pale kila kitu kilipo mezani. Uhalisia ni mwingine. Mashine kubwa zinataka fungu la sampuli ndipo gharama ishuke, kwa hiyo unasubiri zijae. Vifaa vidogo vya kushika mkononi kama MinION vimepunguza kusubiri huko.

*Mahitaji.* Watu hufikiria mashine. Mimi nafikiria mtu. Nimeona diski ngumu ya kompyuta iliyojaa jenomu ikikaa kabatini mwaka mzima kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzichambua. Mtaalamu wa uchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta anahitajika kabla sampuli ya kwanza haijasomwa, pamoja na intaneti ya uhakika na umeme wa akiba. Kama bakteria wanakwenda kusomwa nje ya nchi, kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na mkataba wa kuhamisha sampuli vinahitajika. Anza kuviomba mapema.

*Kisichoonekana.* Jeni ikionekana haimaanishi inafanya kazi, kwa hiyo jenomu haifuti diski. Mashine zinazosoma vipande vifupi huacha plazmidi katika vipande vipande, na plazmidi ndiyo punda anayebeba usugu kutoka E. koli kwenda Klebsiela wodini. Kuiona nzima unahitaji usomaji wa vipande virefu. Halafu hakuna idadi moja ya tofauti inayosema hawa wametoka chanzo kimoja kwa kila bakteria. Herufi tatu za tofauti zinapata maana pale tu unapojua kwamba wagonjwa wote wawili walichota kisima kimoja wiki moja.

*Inamfaa nani.* Maabara ya taifa, vyuo vyenye washirika, na mlipuko ambao chanzo chake kimeshindikana.

Kwa hali yako

Kama wewe ni tabibu wa kituo cha afya, kati ya hizi unahitaji diski tu, tena kwa baadhi ya wagonjwa. Mtoto anayehara maji bila damu hahitaji kumwagiwa antibayotiki. Anahitaji ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, na uangalizi wa kama ameishiwa maji. Mwenye kuhara damu, mtumie sampuli maabara kabla ya dozi ya kwanza. Na waeleze wazazi kwa upole kwamba Flagyl waliyoipitia duka la dawa haimuui Shigella wala Salmonela.

Kama unasimamia maabara ya wilaya na fedha ni kidogo, ningezipeleka kwenye Cary-Blair ya kutosha, agari, diski, bakteria wa rejea na betri ya friji. PCR iombe mwaka ambao majibu ya E. koli wa rejea yamekaa ndani ya mipaka kwa miezi 12 mfululizo.

Mwanafunzi wa uzamili anayelinganisha E. koli wa watoto wa Majengo na wa kuku wa kisasa, au wa mbuzi wa mnada wa Msalato, achanganye: diski kwa bakteria wote, PCR ya CTX-M kwa walioonesha ESBL, na jenomu kwa wachache waliochaguliwa kwa sababu zilizoandikwa kabla. Ishirini waliochaguliwa vizuri watampa tasnifu. Mia mbili wasio na taarifa za dawa walizopewa kuku watampa jedwali.

Mlipuko ukitokea wiki hii, anza na orodha ya wagonjwa: jina la kijiji, tarehe ya kuanza kuhara, chanzo cha maji, walichokula, dawa waliyomeza. Kuotesha kwa ajili ya diski kuanze siku hiyo hiyo, kwa ajili ya tiba. Bakteria wa siku za mwanzo, wa katikati na wa mwisho uwahifadhi kwa ajili ya jenomu, kwa sababu wa wiki moja tu hawaoneshi mwendo.

Na kama huna PCR, huna mshirika, na hujui lini utawapata, bado una kazi. Kila Salmonela, Shigella na bakteria wa kipindupindu unayemtenga, mweke kwenye kirija chenye gliseroli asilimia 15 hadi 20, nakala mbili, kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama huna friza hiyo, tuma nakala moja kwa maabara yenye nayo kabla mwezi haujaisha. Niliwahi kufungua friza mahali fulani nikakuta virija 140 vilivyohifadhiwa kwa uangalifu, wino wa juu umefutika wote. Tumia kalamu isiyofutwa na spiriti, andika namba kwenye kirija na maelezo kwenye daftari la karatasi: tarehe, umri, kijiji, dawa, na kisima alichochota.